Laptopu ya gemu inachemka na kuzimika: jinsi ya kuiokoa chipu ya grafiki

Laptopu za gemu hazitumiki kwa gemu tu. Katika makazi ya wakimbizi na katika miji ya jirani, mashine hizi nzito zenye feni mbili ziko mikononi mwa watu wanaohariri video za harusi na ibada, wanaochora matangazo ya maduka, wanaofundisha vijana kompyuta, na wenye vibanda vya gemu wanaolipisha kwa dakika. Nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine kwa miaka kadhaa. Mwenyewe amejinyima ili aipate, au kikundi kimechanga, na kupata nyingine si jambo la wiki mbili. Kwa hiyo siku inapoanza kuchemka na kuzimika katikati ya kazi, swali huwa zito: nimpe fundi, niifungue mwenyewe, au niiuze ikiwa bado inawaka?

Makala hii inaeleza joto hilo linatoka wapi, namna ya kujua kama chipu ya grafiki bado ni nzima, usafi unaoweza kuufanya mwenyewe, na kazi ambayo hupaswi kumlipa fundi yeyote aifanye.

Kabla ya yote, tazama betri

Zima laptopu na uiweke juu ya meza iliyo sawa. Je, inayumba wakati zamani ilitulia? Je, kifuniko cha chini kimetuna, au sehemu ya kugusia kwa kidole imeinuka na haibonyezeki vizuri? Basi huenda betri imevimba. Joto la muda mrefu ni moja ya sababu za betri za lithiamu kuvimba, na laptopu ya gemu inayochemka kila siku huipika betri yake pole pole.

Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haikandamizwi ili kifuniko kifunge. Inaweza kushika moto, na katika nyumba ya turubai na miti, moto hauishii kwenye meza moja. Chomoa chaja, iweke mashine nje ya chumba mnacholala, kivulini, mbali na kuni, mkaa na nguo, kisha mpelekee fundi aitoe betri hiyo. Laptopu nyingi huweza kufanya kazi kwa chaja peke yake bila betri, ingawa baadhi ya zile za gemu hupunguza nguvu zikiwa hivyo. Ni afadhali mashine ya polepole.

Joto linatoka wapi

Ndani ya laptopu ya gemu kuna chipu mbili kubwa. Moja ni prosesa, inayofanya hesabu za kawaida. Nyingine ni chipu ya grafiki, ambayo mafundi wengi huiita GPU. Hii ya pili ndiyo inayochora kila picha ya gemu, na ndiyo inayosaidia programu za video kumaliza kazi haraka. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, GPU ya laptopu inaweza kula wati 50, 80, hata zaidi ya 100. Umeme huo karibu wote hugeuka kuwa joto. Wati 80 ni sawa na balbu tisa hivi za LED za wati 9, zote zikiwa zimesukumwa ndani ya kipande kidogo kuliko kiberiti.

Joto hilo lina njia moja tu ya kutokea. Juu ya chipu kuna tabaka jembamba la dawa ya kijivu au nyeupe, ambayo mafundi huiita pesti. Juu ya pesti kuna sahani ya shaba. Kutoka kwenye sahani hiyo yanaenda mabomba bapa ya shaba hadi kwenye mapezi membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu ukingoni mwa laptopu, na hapo feni hupuliza hewa itoke nje. Mabomba hayo si shaba tupu. Ndani yake mna kimiminika kidogo ambacho huchemka upande wa chipu, mvuke ukakimbilia upande wa mapezi, ukapoa na kurudi. Ni kama mfuniko wa sufuria unavyokusanya matone. Bomba likikunjwa vibaya au kutobolewa, kazi yake imekwisha, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Njia hii huziba mahali panapojulikana. Kwanza ni vumbi. Halizibi feni yenyewe sana. Linakaa kati ya feni na mapezi, likichanganyika na nyuzi za blanketi na nywele mpaka linakuwa kama kipande cha kitambaa kizito. Feni inazunguka, inapiga kelele, lakini hewa haipiti. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje kwenye matundu hakusaidii sana: unakirudisha kitambaa kile nyuma kidogo, na feni inakivuta tena mahali pake.

Pili ni pesti iliyokauka. Kadiri miaka inavyopita na joto likipanda na kushuka, pesti hugeuka kuwa kama chokaa au husukumwa pembeni, na kati ya chipu na shaba inabaki hewa. Hewa ni kipitisha joto kibaya sana. Tatu ni feni iliyochoka. Nne, na hii husahaulika, ni chumba chenyewe.

Mfumo wa feni hauwezi kuishusha chipu chini ya joto la hewa inayovutwa. Chumba kikipanda kwa nyuzijoto 10, chipu nayo hupanda kwa karibu 10. Kwa hiyo laptopu iliyofanya kazi vizuri Ulaya katika chumba cha nyuzi 20 itakuwa mtu mwingine kabisa Kakuma mchana, ndani ya nyumba ya mabati ambamo hewa imepita 35. Mashine haijaharibika safarini. Imekutana na nyuzi 15 za ziada, na vumbi la Turkana juu yake. Aliye Nakivale, ambako hewa ni ya wastani, ana nafasi kubwa zaidi kabla ya kufika mpaka, na kama laptopu yake inazimika basi tatizo huenda limo ndani ya mashine.

Pima kwanza, usikisie

Watu wengi hupeleka laptopu kwa fundi wakisema “inachemka” kwa sababu kibodi ina joto. Kibodi si kipimo. Ndani ya chipu kuna kipimajoto, na unaweza kukisoma bure.

Kwenye Windows 10 iliyosasishwa au Windows 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa “Performance”, halafu bofya GPU upande wa kushoto. Utaona joto limeandikwa hapo. Ukitaka maelezo zaidi, programu za GPU-Z na HWiNFO ni za bure, wala hazili bando kubwa. Zipakue kutoka tovuti za wenyewe, si kutoka kwa flashi ya rafiki.

Sasa ipe mashine kazi: fungua gemu, au anza kutoa video. Ikiwa imepumzika, nyuzi 40 hadi 55 ni kawaida, na katika chumba cha joto kali huweza kuzidi hapo. Ikiwa kazini, 70 hadi 85 ni kawaida kwa laptopu za gemu. Usiogope namba hizo. Ikifika kwenye 87 au 90 na kuganda hapo huku gemu likianza kukatakata, chipu imejipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hiyo ni kinga, lakini ni dalili. Ikiendelea kupanda, mashine hujizima ghafla bila onyo.

Tazama pia inapandaje. Ikiruka hadi mwisho ndani ya dakika moja au mbili, mara nyingi mgusano kati ya chipu na shaba ni mbaya, yaani pesti. Ikipanda taratibu kwa dakika 15 au 20, mara nyingi ni hewa haipiti, yaani vumbi au chumba.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji programu yoyote, na kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote. Wakati mashine inafanya kazi ngumu, weka mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Upepo ukiwa wa moto lakini dhaifu, mapezi yamezibwa. Upepo ukiwa na nguvu lakini wa uvuguvugu tu wakati programu inasoma 95, joto halifiki kwenye mapezi: pesti imekauka, sahani haijakaza, au bomba limekufa. Upepo ukiwa na nguvu na wa moto sana, mfumo unafanya kazi yake. Hapo usimlipe mtu kuifungua. Punguza kazi au badilisha chumba.

Yale yasiyogharimu kitu

Laptopu nyingi za gemu huvuta hewa kutoka chini. Ukiiweka juu ya godoro, blanketi au mapaja, umeifunga pua. Iweke juu ya ubao au meza, na uinue upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya soda au vipande viwili vya mbao. Tofauti ya nyuzi kadhaa huonekana papo hapo. Usiweke kitambaa kibichi chini yake wala barafu juu yake; maji yatapata njia ya kuingia, na chipu iliyochemka hupona lakini bodi iliyolowa mara nyingi haiponi.

Kazi nzito kama kutoa video ndefu zifanye usiku au alfajiri ikiwa umeme unaruhusu.

Halafu punguza kazi isiyo na faida. Gemu likiachwa huru, chipu huchora picha nyingi kwa sekunde kadiri inavyoweza, hata picha 140 kwenye skrini inayoweza kuonyesha 60 tu. Hizo 80 zinazobaki ni joto tupu. Ndani ya mipangilio ya gemu, weka kikomo cha picha 60, au 45 kwenye gemu zito. Mwenye kibanda cha gemu akifanya hivi kwenye mashine zake zote, wachezaji hawataona tofauti kubwa, lakini feni zitatulia na jenereta italipa shukrani.

Jambo la pili linashangaza wengi: kuipoza GPU, mpunguzie kazi jirani yake. Katika laptopu nyingi prosesa na GPU zinatumia mabomba yale yale ya shaba, kwa hiyo joto la mmoja humchoma mwingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, kisha Enter. Fungua mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta “Processor power management”, halafu “Maximum processor state”, na badala ya 100 andika 99. Asilimia moja hiyo hufunga ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujipa yenyewe, na ndio unaoleta joto jingi. Nimeona watu wakilipia pesti mpya kwa tatizo ambalo namba hii moja ingelitatua. Ukiona mashine imekuwa nzito mno, rudisha 100, hakuna kinachoharibika.

Chaja nayo itazamwe. Laptopu ya gemu huja na chaja kubwa, ya wati 150, 180 au zaidi. Ukiitumia kwa chaja ya laptopu ya ofisi ya wati 65, hata kama kichwa kinaingia na volti ni zile zile, chaja hiyo itachemka yenyewe na mashine itakuwa inakatakata kana kwamba ni tatizo la joto la GPU. Soma kibandiko cha chini ya laptopu na cha chaja, ulinganishe.

Kuifungua na kuisafisha

Kazi hii inawezekana kwa mtu mwenye mikono tulivu, bisibisi ndogo sahihi, na muda wa saa mbili mchana wa mwanga mzuri. Kama mashine si yako, au ni ya kikundi, pata ruhusa kwanza. Na kama kilichoziba ni vumbi tu, huna haja ya kugusa pesti. Usifungue zaidi ya unachohitaji.

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Gusa kipande cha chuma kikubwa, kwa mfano fremu ya dirisha, ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Toa skrubu za chini, na uzipange juu ya karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa bodi. Piga picha kwa simu kila hatua. Kifuniko kikigoma, kuna skrubu umeisahau, mara nyingi chini ya mpira au kibandiko, usitumie nguvu.

Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa plagi ya betri kutoka kwenye bodi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Mtu akiruka hatua hii na bisibisi ikaanguka, bodi inaweza kufa wakati huo huo.

Feni hushikwa na skrubu mbili au tatu. Ziinue, nawe utakiona kile kitambaa cha vumbi kimeegemea mapezi. Kitoe kwa mkono au kwa kibano. Mapezi yasuguliwe kwa mswaki mpya mkavu au brashi laini ya rangi. Ukitaka kupuliza, pampu ya baiskeli inatosha, huku ukishikilia mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke. Usipeleke kwenye mashine ya upepo ya mtengeneza pancha: nguvu yake ni kubwa mno na upepo wake mara nyingi una maji na mafuta. Zungusha feni kwa kidole. Inapaswa kwenda laini. Ikikwaruza au kuyumba, ibadilishe. Namba yake imeandikwa kwenye kibandiko katikati, na feni ya laptopu ni kati ya vipuri vya bei nafuu.

Kwa walio wengi, kazi inaishia hapo. Funga, rudisha plagi ya betri, pima tena.

Kama vipimo vimeonyesha pesti, endelea. Karibu na skrubu za sahani ya shaba mara nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4. Fuata mpangilio ulioandikwa, ukilegeza kila moja kidogo kidogo, si kutoa moja yote kisha nyingine. Kama hakuna namba, nenda kwa msalaba, kona hadi kona ya mkabala. Chipu za laptopu ziko wazi kama kioo kidogo cheusi, hazina kofia ya chuma, na kona zake huvunjika sahani ikiegemea upande mmoja.

Baada ya kuinua sahani, tazama kwa makini kilicho juu ya chipu. Kikiwa kijivu au cheupe na kikavu, ni pesti ya kawaida. Kikiwa kinang’aa kama fedha na kinateleza kama maji, simama. Baadhi ya laptopu za gemu za miaka ya karibuni zimewekwa metali ya majimaji kiwandani. Metali hiyo hupitisha umeme. Tone moja likianguka kwenye bodi linaweza kuiunguza, na inakula alumini. Rudisha sahani taratibu na utafute fundi anayeifahamu.

Pesti ya kawaida ifutwe kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya kusafishia. Yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi ni bora. Ile ya 70 ya dukani au ya zahanati ina maji, kwa hiyo tumia kidogo na usubiri ikauke kabisa. Petroli hapana. Kisha weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya kila chipu, uitandaze nyembamba ifunike uso wote. Nyingi si bora.

Kuhusu dawa ya meno: ndiyo, hufanya kazi, kwa saa chache au siku chache. Maji yaliyomo hukauka, halafu unabaki na ukuta wa unga mahali ambapo joto lilitakiwa kupita. Mafuta ya kujipaka huyeyuka na kutiririka. Kama huna pesti, funga mashine na usubiri uipate.

Pembeni mwa GPU utaona vipande laini kama mpira, vya kijivu, bluu au pinki, vikiwa juu ya chipu ndogo. Hivi hupoza kumbukumbu ya grafiki na sehemu zinazogawa umeme. Usivitupe, wala usiweke pesti badala yake. Vina unene maalumu, nusu milimita, milimita moja au zaidi, na pesti haiwezi kuziba pengo hilo. Vikichanika, tafuta vipya vya unene ule ule. Vikiwa vinene zaidi, vitainua sahani na GPU itakosa mgusano. Mashine nyingi “zilizobadilishwa pesti” zikarudi na joto kali zaidi zimeponzwa na kosa hili.

Mistari ya rangi kwenye skrini

Wengine husoma makala kama hii wakiwa wamechelewa. Skrini ina mistari, vidoto vya rangi, au inakuwa nyeusi wakati wa kuwasha. Hapa swali ni kama chipu bado ni nzima.

Washa mashine ikiwa baridi kabisa, asubuhi. Kama mistari ipo tangu nembo ya kwanza kabla hata ya Windows, unganisha televisheni au skrini nyingine kwa waya wa HDMI. Mistari ikionekana kwenye laptopu tu na kwenye televisheni hakuna, kuna matumaini kwamba ni waya wa skrini au skrini yenyewe, jambo dogo. Ikionekana kote, chipu au kumbukumbu yake imeumia, na kusafisha hakutairudisha.

Kinachovunjika huwa ni nini? Chipu imeshikamana na kibao chake, na kibao kimeshikamana na bodi, kwa mamia ya vidonge vidogo vya risasi ya kulehemu. Kila ikipata joto vitu hivi hutanuka, ikipoa hunywea, na kila kimoja kwa kiasi chake. Baada ya maelfu ya kupanda na kushuka, vidonge hupata nyufa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kampuni ya Nvidia. Mwezi Julai 2008 ilitangaza kwamba inatenga dola za Marekani milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikiharibika kupita kawaida, ikitaja udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuifunga chipu. Oktoba mwaka huo Apple ikakiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye GeForce 8600M GT zimo katika tatizo hilo. Mwaka 2010 shauri la wanunuzi nchini Marekani lilimalizwa kwa suluhu iliyogusa laptopu za HP, Dell na Apple. Wala haikuwa Nvidia peke yake: Februari 2015 Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro, zikiwemo za 2011 zenye chipu za AMD, kwa matatizo ya picha. Mipango hiyo imekwisha zamani. Ukiletewa mashine ya miaka hiyo kwa bei ya kuvutia, kumbuka ilikotoka.

Hapa ndipo inapokuja ile kazi isiyostahili malipo: kuichoma bodi. Fundi anaipiga chipu kwa bloa, au anaitia bodi kwenye tanuri, na skrini inarudi. Mteja analipa kwa furaha. Wiki mbili au sita baadaye mistari imerudi. Sababu ni rahisi kuielewa. Risasi ya kulehemu ya zamani huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Tangu Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilibana matumizi ya risasi katika vifaa vya elektroniki, na watengenezaji wengi wakahamia mchanganyiko wa bati unaoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Tanuri ya nyuzi 200 haifiki huko. Haikuyeyusha kitu, ilitanua tu ufa mpaka pande mbili zikagusana tena kwa muda. Huku nyuma imepika plastiki na vipuri vingine vya bodi. Na ikiwa tanuri hiyo inatumika kwa chakula, mmejiongezea moshi wenye sumu.

Kung’oa chipu na kuipandisha upya kwa mashine maalumu ni kazi ya kweli, lakini husaidia tu ikiwa ufa uko chini ya kibao, si ndani ya chipu. Kwa laptopu ya zamani, gharama hiyo mara nyingi inakaribia bei ya nyingine iliyotumika.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi hawaitaji sana kwa kuwa haina malipo. Laptopu nyingi za gemu zina grafiki mbili: GPU kubwa, na nyingine ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kama bado unaweza kufika kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na X, chagua “Device Manager”, fungua “Display adapters”. Ukiona majina mawili, bofya kwa kitufe cha kulia lile la Nvidia au AMD kubwa, na uchague “Disable device”. Ukiona jina moja tu, usiguse. Gemu nzito hazitachezeka tena, lakini masomo ya mtandaoni, maandishi, mahesabu ya duka na hata video fupi vitaendelea, na mashine itakuwa baridi kuliko ilivyowahi kuwa.

Ukimpelekea fundi

Nakili mafaili yako kwanza. Wengi wetu tumepiga picha na kuhifadhi kwenye laptopu hati za usajili, vyeti vya shule, barua za kesi, picha za watoto. Zihamishie kwenye flashi na uzifute kwenye mashine kabla ya kuiacha, au uitoe diski kama unajua. Kusafisha feni hakuhitaji neno lako la siri la Windows. Fundi akitaka kupima joto, kaa naye dakika kumi uiwashe mwenyewe. Piga picha ya ndani au andika ukubwa wa ramu na diski, ili unachopeleka ndicho utakachorudishiwa.

Mkubaliane bei ya kusafisha na pesti peke yake, na bei nyingine ikiwa atakuta tatizo jingine, lakini asianze hilo la pili kabla ya kukuuliza. Mwambie wazi kwamba hutaki bodi ipigwe bloa. Pima joto kabla na baada, kwa gemu lile lile, muda ule ule wa siku. Kazi nzuri kwenye mashine iliyokuwa imeziba hushusha nyuzi 10 au zaidi. Isiposhuka hata kidogo, mrudishie siku hiyo hiyo, kwa heshima, ukiwa na namba mkononi.

Baada ya hapo, panapo vumbi jingi kama Kakuma na Kalobeyei, fungua na usafishe feni kila miezi mitatu. Mahali penye majani na mvua zaidi, mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Pesti nzuri hukaa miaka miwili au mitatu; usiibadilishe kila unapofungua.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika

Usinunue ikiwa imezimwa au “imepumzishwa”. Ipe gemu au video ya kutoa kwa dakika 20 mbele ya muuzaji, Ctrl, Shift na Esc zikiwa zimefungua ukurasa wa joto. Sikiliza feni zote mbili. Weka mkono kwenye matundu ya hewa, halafu zima, ipindue juu ya meza, na uangalie kama inayumba.